Ukanda Uliobadili Kauli

Nchi ya Msimamo ipo. Njia ya kufika huko haina cha kusimulia, basi tuiache njiani, tuanze pale Leokadia Haule alipoingia mjini akasalimiwa na mtu wa kwanza.

"Kumi na nne?" yule mtu akauliza.

"Sijambo," akajibu Leokadia, akidhani ameulizwa hali.

Yule mtu hakuondoka. Alisimama amebana pumzi, jasho linamtoka juu ya mdomo, akimtazama kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Muuza maandazi aliyekuwa kando yao akaingilia kati.

"Mgeni huyo, mwache. Mama, mjibu 'kumi na nne' mwenzio apumue."

"Kumi na nne," akasema Leokadia.

Yule mtu akashusha pumzi, akashukuru, akaenda zake. Leokadia akasimama na begi lake akiangalia barabara nzima. Wote waliokutana waliulizana hivyohivyo, wakajibizana hivyohivyo, na kila mmoja alishusha mabega kidogo kabla ya kuendelea na safari. Hakuna aliyekuwa anacheka.

Leokadia alikuwa mama wa watu wazima, mwenye stashahada ya ufundi mitambo, na kazi yake ilikuwa kukagua springi za malori. Hakuwa na subira na maneno ya kuzunguka. Alikuwa amekuja kwa sababu moja. Bintiye Severina, aliyeolewa Msimamo, alimtumia salamu: "Mama, njoo tuagane. Siku ya Kufuata ikifika nakwenda darajani kumfuata Mandiko."

Alimkuta Severina anapakua chakula. Mezani palikuwa na sahani mbili, moja imefunikwa kawa.

"Mumeo anakuja kula?"

"Yuko darajani, mama."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu mvua za kwanza."

Leokadia akachungulia dirishani. Mashambani mahindi yalikwisha kuvunwa, mabua yamelala. Akamrudia bintiye. "Severina, hilo daraja lina urefu gani?"

"Babu yake Mandiko alikuwa anavuka na kurudi kabla chai haijapoa."

"Na siku hizi?"

"Siku hizi wanachelewa," akasema Severina, akakaza kawa vizuri ili ugali usipoe.

Usiku ule mama alipewa maelezo, na aliyasikiliza bila kukatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Msimamo imekatwa na korongo refu ambalo halikosi ukungu, na juu yake limening'inia daraja la minyororo. Kila asubuhi serikali hupima uimara wa viungo vya minyororo ile, na kila asubuhi jibu huwa kumi na nne. Penye kumi na nne, daraja haliwezi kukatika. Kwa kuwa haliwezi kukatika, hakuna aliyeanguka. Kwa kuwa hakuna aliyeanguka, kila aliyeingia kwenye ukungu bado anavuka.

Kwa hiyo walio darajani waliendelea na maisha yao. Walipandishwa vyeo. Nguo zao zilifuliwa na kupigwa pasi. Mwakilishi wa mtaa ule wa kina Severina alikuwa darajani muhula wa pili sasa, na wapiga kura walimsifu kwa kutogombana na mtu. Na mara moja kwa mwaka, Siku ya Kufuata, wenye jamaa waliochelewa sana walivaa vizuri wakaenda kuwapokea.

"Na waliokwenda kupokea mwaka jana?" akauliza Leokadia.

"Wako nao."

"Umewahi kumwona mmoja akirudi?"

"Mama, unauliza kama mtu asiyejua hesabu. Kumi na nne ni kumi na nne."

Leokadia alimtazama. Huyu ndiye mtoto aliyekuwa akimbishia juu ya kila kitu, hata juu ya chumvi kwenye mchuzi. Sasa alikuwa amekonda shingo, macho yake yametulia mno, kama maji ya kwenye pipa. Siku ya Kufuata ilikuwa keshokutwa.

Asubuhi akaenda kuona kipimo kinavyochukuliwa.

Hapa inabidi kueleza kidogo, kwa sababu jambo lenyewe lina akili na wenye nchi walilianza vizuri. Chuma kinachovutwa na kulegezwa, kuvutwa na kulegezwa, huchoka. Ufa huanzia kwenye ngozi yake, mdogo kuliko unywele. Lakini ngozi hiyo ikipigwa na mvua ya marisau, punje za chuma kama mtama zinazorushwa kwa nguvu za upepo, hukazana, na ufa hukosa pa kuanzia. Tatizo ni kujua mvua imepiga kiasi gani, maana jicho halioni. Basi hufungwa ukanda mwembamba wa chuma kando ya kiungo, ukapigwa upande mmoja tu. Ukifunguliwa, unakuwa umejikunja kama ukucha. Urefu wa mkunjo ule husomwa kwa saa ya kupimia yenye mshale. Kila safari ukanda mpya, kwani uliokwisha kupinda umekwisha kusema neno lake.

Leokadia aliyajua haya yote. Kwao kazini walifanya vivyo hivyo. Kwa hiyo alisimama uwanjani na wananchi wengine akiwa na matumaini.

Mlango wa Nyumba ya Mvua ukafunguliwa. Wakatoka askari, halafu wapiga tarumbeta, halafu mwanamume mrefu mwenye kanzu ya kijivu aliyebeba sinia. Juu ya sinia palikuwa na mto wa hariri, na juu ya mto ukanda mmoja wa chuma, mweusi kwa mafuta ya mikono ya miaka.

"Yule ni nani?" Leokadia akamnong'oneza jirani yake.

"Bwana Lukosi, Mtunza Shahidi."

"Na shahidi mwenyewe?"

"Si huyo hapo kwenye mto! Ametoa ushahidi tangu baba yangu hajaoa. Hajawahi kubadili kauli hata siku moja."

Bwana Lukosi akauweka ukanda ule kwenye saa ya kupimia. Mshale ukatembea, ukasimama. Kipaza sauti kikatangaza: "Kumi na nne." Uwanja mzima ukashusha pumzi kwa pamoja, sauti kama nyasi zinazolala kwa upepo. Kisha Shahidi akafunikwa kitambaa, akarudishwa ndani.

"Hawaupigi?" akauliza Leokadia.

"Kuupiga nini?"

"Ukanda! Hawauweki kwenye mvua?"

Jirani akamtazama kwa hofu. "Wewe, mama, unampiga shahidi wako mahakamani?"

Leokadia hakungoja zaidi. Akakata katikati ya watu mpaka mlangoni, akamwambia Bwana Lukosi kwamba yeye ni mkaguzi, anatoka mbali, na anataka kuona ndani. Msimamo walikuwa na heshima kwa wageni. Akakaribishwa.

Ndani palikuwa na giza la kijivu. Viungo vya mnyororo, vikubwa kama nira za ng'ombe, vilining'inia kwenye ndoano vikizunguka polepole. Mahali pa aina hii Leokadia alizoea kuvaa vizibo vya masikio, kwa kuwa mvua ya marisau inanguruma kama lori la kokoto linalomwagwa. Hapa ilisikika sauti ndogo tu, kama mtu anayepepeta mchele chumba cha pili. Akakinga kiganja chini ya mrija unaorusha marisau. Kilichomwangukia kilikuwa vumbi. Marisau yalikuwa yamejipiga mpaka yakasagika, na feni ya upepo ilizunguka kwa uvivu, pangaboi la saluni lina nguvu kuliko hiyo. Akapapasa kiungo kilichokuwa "kimekwisha". Ngozi yake ilikuwa laini kama sahani.

"Bwana Lukosi, hivi viungo havijapigwa."

"Kumi na nne," akajibu Bwana Lukosi, kwa upole.

"Ukanda mnaoupima ni wa zamani. Unawaambia mvua ya enzi za babu zenu. Ya leo hamjaipima."

Bwana Lukosi akazichunguza kucha zake. Alikuwa na sura ya mtu asiyelala. "Una haki ya kupeleka swali Barazani," akasema. "Mgeni anaruhusiwa swali moja."

Baraza lilikaa mchana uleule, na Severina alikuja, kwa kuwa habari za mama yake zilikwisha kumfikia sokoni. Alikaa nyuma amejifunika khanga mpaka kidevuni. Spika alikuwa Bi Nzigula, mwanamke mnene mwenye sauti nzuri, na mbele yake viti kadhaa vilikuwa vitupu vyenye majina. Hao walikuwa wajumbe walio darajani. Walihesabiwa kuwa wamekubaliana na kila lililopitishwa.

Swali la Leokadia lilikuwa fupi. Uchukuliwe ukanda mpya, ufungwe pale kiungo kinapokaa, upigwe mvua ya leo, upimwe. Basi.

Mjumbe wa kwanza akasimama. "Mheshimiwa Spika, ukanda huo una umri gani?"

"Haujatumika," akasema Leokadia.

"Yaani mtoto. Sheria yetu haipokei ushahidi wa mtoto."

Mwingine akasema ukanda kupigwa upande mmoja ni uonevu. Pigeni pande zote mbili, haki itendeke. Leokadia akamjibu kwamba ukipiga pande zote mbili ukanda unabaki umenyooka, hausemi kitu. "Hapo ndipo penye utulivu!" mjumbe akasema, na wenzake wakagonga meza. Wa tatu akapendekeza mpya upimwe, kisha jibu lake lichanganywe na la Shahidi wa zamani, yagawanywe katikati, kila mtu aende nyumbani ameridhika. Leokadia alipoomba kwanza saa ya kupimia isafishwe na mshale urudishwe sifuri juu ya chuma kilichonyooka, mzee mmoja alisimama kwa hasira.

"Sifuri yetu iliwekwa na waasisi wa nchi hii! Wewe umekuja na begi jana, leo unataka kutuondolea sifuri?"

"Ina vumbi, mzee."

"Ni vumbi la waasisi!"

Mwishowe Bi Nzigula akaamua jaribio lifanyike, kwa sababu kulikataa kungeleta maneno. Wote wakahamia Nyumba ya Mvua. Ghalani zilikuwapo boksi za kanda mpya, zimefungwa kwa karatasi ya mafuta, hazijawahi kufunguliwa. Leokadia akachagua ukanda mmoja, akaulaza juu ya kioo kuhakikisha umenyooka, akaufunga kwa skrubu kando ya kiungo. Walitaka kuufunga ukutani karibu na Spika, mahali pa heshima zaidi. Akakataa. Mvua ikafunguliwa, ule mpepeto wa mchele ukaanza.

Ukanda ulipofunguliwa, mshale ulisogea kidogo ukasimama kwenye mbili.

Hakuna aliyeshusha pumzi.

"Sasa mwingine, muda maradufu," akasema Leokadia. "Mvua iliyofanya kazi yake, hata ukiongeza muda, ukanda hauzidi kupinda sana. Umeshiba. Ndiyo namna ya kujua."

Wa pili ukatoa nne.

"Mnaona? Haujashiba hata kidogo. Kila ukiongeza muda unazidi kupinda. Mvua hii haina nguvu. Viungo mlivyotundika miaka yote hii ni chuma kibichi."

Bi Nzigula akanyanyua mkono. "Tuelewane, bibi mgeni. Mara ya kwanza shahidi wako alisema ngapi?"

"Mbili."

"Na mara ya pili?"

"Nne. Lakini ni kanda mbili tofauti, na muda..."

"Kwa hiyo amebadili kauli." Sauti yake ilikuwa ya huruma. "Wa kwetu hajabadili tangu awekwe. Wa kwako ndani ya saa moja ametoa kauli mbili. Bibi, hata wewe kama ni mama, mtoto anayesema hivi na hivi, unamwamini yupi?"

Hukumu ilitolewa palepale. Kanda mpya zilipatikana na kosa la kiapo cha uongo, zikaamriwa zinyooshwe kwa nyundo mpaka zisiwe na la kusema. Nyundo ikaletwa. Kila mjumbe alipiga pigo lake kwa uso wa mtu anayetekeleza wajibu.

Ndipo Leokadia akakosea. Hasira zilimpanda, akamgeukia Severina mbele ya umati, akapaza sauti.

"Mandiko amekufa, mwanangu! Amekufa! Mnampikia marehemu!"

Hata feni ilionekana kusita. Watu walirudi nyuma kutoka kwa Severina kama waliomwagiwa maji, na Severina akavuta khanga juu ya kichwa, akatoka peke yake bila kumtazama mama yake.

Bwana Lukosi alimkuta Leokadia kwenye ngazi za nje. Akakaa ngazi ya chini yake, sinia magotini.

"Umewaua wangapi leo, unajua?" akauliza.

"Mimi?"

"Ile mbili yako. Ingekubaliwa, kila nyumba hapa ingekuwa na msiba kabla ya jua kuzama. Mke wangu yuko darajani. Na binti zangu. Mkubwa ana mume sasa, tulimwoza kwa kijana aliye darajani pia. Harusi ilikuwa nzuri."

Leokadia alimgeukia. "Wewe unajua."

"Mimi nabeba sinia."

"Unajua, Bwana Lukosi. Kila asubuhi unaushika ule ukanda. Umepapasa vile viungo."

Kwa sauti ya mtu anayeelekeza duka, Bwana Lukosi akasema: "Nyuma ya machinjio kuna njia ya mbuzi inayoshuka korongoni. Haijakatazwa. Sheria inasema tu kwamba huko chini hakuna kitu, kwa hiyo hakuna haja ya kwenda." Akasimama, akaupangusa mto wa hariri kwa mkono. "Ukikuta mwanamke mwenye bangili ya pembe, mkono wa kushoto, usije ukaniambia."

Severina alikuwa anapiga pasi gauni la kesho. Hakumsalimia mama yake.

"Nimesema vibaya," akasema Leokadia. "Nimesema mbele za watu. Hilo kosa langu."

"Hukukosea kusema mbele za watu. Umekosea kusema."

"Sawa. Basi sisemi tena. Nikuombe kitu."

"Kesho nakwenda, mama. Usinipotezee muda."

"Mnaingia darajani jua likishapanda. Nipe asubuhi. Tushuke korongoni, wewe na mimi. Tusipokuta kitu, tunapanda, navaa hili gauni langu zuri, naingia darajani na wewe. Mkono kwa mkono."

Pasi ikasimama. "Wewe? Unayesema chuma kibichi?"

"Mimi."

"Utakufa."

Neno lilimtoka bila kutarajia. Wote wawili walilisikia. Severina akaiinua pasi haraka, kwani gauni lilianza kunuka kuungua, akaangalia alama ya kahawia kwenye kitambaa kwa muda mrefu.

"Asubuhi tu," akasema.

Walishuka alfajiri imeshapasuka. Njia ya mbuzi ilikuwa na utelezi, na baada ya kona chache ukungu uliwameza wasione hata miguu yao. Leokadia alitangulia akishika mizizi. Nyuma alisikia pumzi za bintiye. Hakuna ndege aliyelia. Kadiri walivyoshuka ndivyo kulivyokuwa na baridi, na harufu ya kutu, kama kulamba ufunguo.

Kitu cha kwanza walichokikuta kilikuwa kiatu. Kisha mnyororo, umelala juu ya mawe kama nyoka mnene, ukipotea pande zote mbili kwenye weupe. Leokadia akapiga magoti mahali ulipokatikia. Ngozi ya kiungo ilikuwa laini, haina hata kovu moja la risau, na ufa ulikuwa umeanzia pembeni, ukaingia ndani polepole kwa miaka, mpaka pakabaki sehemu ndogo iliyokatika mara moja. Alipapasa alama zile kwa kidole, akizisoma. Halafu akaona aibu, maana alikuwa ametazama chuma kwanza.

Walikuwa wengi. Waliolala chini kabisa walikuwa mifupa na vifungo vya nguo. Juu yao wengine, na wengine, mwaka juu ya mwaka, wamevaa vizuri wote. Daraja lilikatika zamani sana, kabla Severina hajaolewa. Lililobaki kule juu ni kipande kinachoingia kwenye ukungu na kuishia hewani. Mwanamke mmoja alikuwa na bangili ya pembe. Leokadia akapita bila kusema.

"Mama."

Severina alikuwa amechuchumaa. Mbele yake alilala mwanamume kifudifudi mwenye sweta la kijani, kiwiko kimetiwa kiraka cha buluu. Aligusa kile kiraka.

"Nilikosa uzi wa kijani," akasema. "Akasema hakuna atakayeona."

Leokadia alikuwa na mengi ya kusema na yote yalikuwa kweli. Akavua kitenge chake kiunoni, akabaki na gauni la ndani kwenye baridi ile, akamfunika mkwewe.

Ndipo waliposikia, juu yao, mbao zikilia. Hatua. Siku ya Kufuata ilikuwa imeanza, na watu walikuwa wanaingia darajani, wengi, polepole, wakiimba kwa sauti ya chini. Vipande vya kutu vikaanza kuwadondokea mabegani.

"Rudini!" akapiga kelele Leokadia. "Rudini! Limekatika!"

Ukungu uliyachukua maneno ukayalainisha. Juu hayakufika maneno, ilifika sauti tu, sauti ya mtu mahali fulani mbele. Wimbo ukakatika, kisha wakasikika watu wakishangilia.

"Wanatuita!" mwanamke akapaza sauti kule juu, akilia kwa furaha. "Nimewasikia! Wako mbele!"

"Tunakuja!" wakaitikia wengine. "Tungojeni! Tunakuja!"

Na hatua zikaongezeka kasi.

Leokadia akapiga kelele tena, akaita mpaka koo likakwaruza, na kila alipoita walizidi kukimbia. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Hakujua la kufanya, yeye ambaye kila siku alijua. Alimtazama bintiye.

Severina aliinuka. Akaifunga khanga yake kiunoni, kama wanawake wa kwao wanavyojifunga mwili unapotolewa nje. Akashika kichwa kwa mikono yote miwili, akaangalia juu kwenye weupe, akalia. Hakuita mtu. Alilia kile kilio chenyewe cha msiba, kirefu, kinachopanda na kuvunjika na kupanda tena, ambacho hata mtoto mchanga akikisikia hunyamaza, na ambacho hakuna aliye hai anayekilia akiwa safarini. "Mandiko wangu! Umeniacha na nani! Mandiko wangu!"

Mama yake akampokea. Sauti zao mbili zikapanda pamoja.

Kule juu hatua moja ikasita. Halafu nyingine. Mbao zililia mara ya mwisho, zikanyamaza, na kwa muda palikuwa na ukungu tu na kilio kikipanda ndani yake. Kisha karibu sana, karibu na ukingo ule ambao hawakuuona, sauti ile ya upole ya Bwana Lukosi ikaanza, vibaya, kama mtu anayejifunza, kulia.